Mapezi ya Marehemu

Ghala la wazamiaji lilinuka mpira na uvundo. Msimamizi alimtupia mjane wa mdogo wake mapezi meusi ya kuogelea, marefu, magumu kama ubao, akamwambia ayajaribu upesi, hakuwa na siku nzima ya kubembeleza mtu. Yeye mwenyewe alivaa viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi. Tangu mdogo wake azame na kufa, maji ya bwawa la mazoezi na ya matangi waliyoyakagua yalikataa kumgusa. Akishuka ngazi yalijitenga, naye akatembea sakafuni mkavu, juu yake wazi hadi dari, akiwafokea wanafunzi walioogelea kando yake. Mfagiaji aliuliza kama huko chini nako sasa kupigwe deki. Aliambiwa kupigwe.

Mjane aliyajua mapezi yale. Yalivuliwa miguuni mwa mumewe. Pale kazini mapezi yalipimwa peku, eti buti mpya za mpira, zinazovaliwa ndani ya mapezi, zisichakae, ilhali matangi yana maji baridi na hakuna anayepiga mbizi bila buti. Pezi linalomkaa mtu vizuri akiwa peku humbana akishavaa buti, na mguu uliobanwa hukaza misuli hadi ushindwe kuogelea. Msibani, msimamizi alisema marehemu alikufa maji kwa kupiga mateke ovyo. Ukoo mzima ulimeza maneno hayo, na watoto wa msimamizi wakayageuza mchezo.

Sasa mjane alitoa buti zake mkobani, akazivaa mbele ya msimamizi, kisha akachagua mapezi mafupi, laini, yenye mkanda wa kisigino.

"Hayo ya kitoto," msimamizi alisema.

"Yananitosha, shemeji."

Alikuwa amejifunza kwa hasira. Nyumbani alilala kifudifudi ukingoni mwa kitanda akapiga mateke hewani: nguvu itoke nyongani, goti lilegee kidogo tu, kifundo kiachiwe, mateke yawe madogo, ya polepole. Mwanzoni alipiga kama anaendesha baiskeli na kiuno kikamuuma wiki nzima. Aliitaka nafasi ya mumewe, na alitaka uongo ule ufutwe.

Siku ya mtihani meneja alikaa ukingoni na wanafunzi wote. Mjane alipiga mbizi, akaogelea karibu na sakafu bila haraka, mapovu yake machache. Msimamizi alitembea sambamba naye akipiga kelele, "Goti! Goti hilo!" Goti halikuwa na kosa lolote. Katikati ya bwawa mjane aligeuka, akapenyeza kichwa kwenye ukavu wa shemeji yake, akatoa mdomoni mpira wa kupumulia.

"Yalimbana?"

"Alisema yanabana. Nikamwambia asijidekeze, avae hivyo hivyo."

"Na mateke?"

"Hapa hakuna aliyemfikia kwa kupiga mateke vizuri."

Alijibu kama mtu aliyeulizwa saa. Sauti yake ilipanda juu ikawafikia wote, hadi mfagiaji. Meneja alikohoa, akamwonyesha mjane kwa mkono aendelee.

Mjane alifaulu. Meneja alimsifu kwa kutumia hewa kidogo kuliko wote. Mjane alipomuuliza atafanya nini na yale aliyoyasikia, meneja alisema ameyasikia, lakini mtu kama msimamizi, wa kukagua tangi bila mtungi wa hewa, haokotwi njiani. Msimamizi alipandishwa cheo na kununuliwa viatu vipya. Msibani kwa jirani, mwezi uliofuata, alisimulia tena jinsi mdogo wake alivyopiga mateke ovyo, na waombolezaji wakatikisa vichwa kwa huruma. Mjane alikuwepo. Alimchukia zaidi kuliko siku ya mazishi.

Kisha akaajiriwa mzamiaji mwingine, baba wa mapacha, mcheshi. Msimamizi alimtupia mapezi meusi. Akayaingiza peku, akasimama, akachezacheza nayo.

"Yamekukaa?"

"Yamenikaa, mkuu."

"Basi ni yako."

Mjane alimwambia avae buti kwanza, ndipo ayapime. Msimamizi akamwambia mjane ashike hamsini zake, na yule mcheshi akacheka kumfurahisha bosi wake. Wakatoka wote kwenda bwawani. Msimamizi alitangulia kushuka ngazi, na maji yakampisha.