Mudigadi ya Kulia

Fundi wa pale njia panda ya Lusahunga alikuwa amekwenda msibani Kibimba, kwa hiyo Ansbert akasema mudigadi ya mbele kulia ya gari lake, lile bati la juu ya tairi lililokunjika, atafungua mwenyewe. Dada yake Marsiana aliambiwa alete jeki, spana namba kumi na sufuria ya kuwekea nati. Alivileta mbio. Siku hizo alikuwa anatii hata kabla hajamaliza kutumwa.

Jumatatu ya wiki hiyo, Ansbert akiwa amelala, Marsiana alitaka kuanika maharage na gari lilikuwa limeziba uwanja. Ufunguo alikuwa amekatazwa kuugusa, lakini alijiambia ni hatua mbili tu. Aliwasha, gari likaruka, likagonga kona ya matofali yaliyopangwa kando ya choo, mudigadi ikakunjika. Akalirudisha nyuma, akayapanga matofali upya, akafuta vumbi jekundu kwa khanga yake. Kaka yake alipoamka, akauona mkunjo na kuuliza nani amepita hapa, alijibu, "Mzee Shibuda alipita na baiskeli ya ndizi."

Ni kweli alipita. Marsiana hakuongeza neno, na hakupunguza. Jumatano, gulio limejaa, Ansbert alimkuta mzee Shibuda akishusha mikungu, akamvaa mbele ya watu: "Mzee mzima unagonga gari la watu halafu unakimbia!" Akamnyang'anya baiskeli, akaifungia jikoni mpaka gari litengenezwe. Tangu siku hiyo mzee alikuwa anabeba ndizi kichwani, na Marsiana anapika ugali huku usukani wa baiskeli ya watu unamgusa mgongo.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Ansbert alifunua boneti, akafungua nati za juu moja moja. Akapiga jeki, akatoa tairi, akang'oa plastiki ya ndani, akaachia kona ya bampa. Akaivuta mudigadi. Haikutoka.

"Imeng'ang'ania kama mgeni aliyesikia harufu ya nyama," alisema, akitaka kuivuta kwa nguvu.

"Kaka, utaikunja. Fungua mlango kwanza. Kuna nati nyingine imejificha hapo juu ya bawaba."

"Umejuaje?"

"Si nauza chai mbele ya gereji? Macho sijafumba."

Ansbert akacheka. "Basi fundi ni wewe, mimi nishike sufuria!"

Kicheko kile kilimchoma Marsiana kuliko kofi. Nati ya mwisho ikaanguka kwenye sufuria, mudigadi ikatoka. Ansbert akailaza kifudifudi juu ya gunia, akachukua nyundo na kipande cha ubao aanze kunyoosha kutokea ndani. Hakupiga. Alipitisha kidole kwenye mkunjo, akarudia tena.

"Njoo uone. Baiskeli inakunja bati namna hii?"

Mkunjo ulikuwa umenyooka kama ukingo wa meza. Marsiana aliutazama.

"Hii ni kona ya ukuta," Ansbert alisema taratibu. "Ni kule Benaco, siku ya mvua, nilipogeuza karibu na lile ghala. Nilisikia kitu kikigusa, nikapuuza. Kumbe ni mimi!" Akaweka nyundo chini. "Nimemdhalilisha mzee wa watu mbele ya gulio zima."

Hapo ndipo pa kusema. Marsiana aliinamia sufuria, akazigeuza nati kama anayechambua mchele.

"Usinionee aibu, mdogo wangu," kaka yake akamwambia. "Nitakwenda mwenyewe, nimpigie magoti. Katafute dumu la lubisi."

Basi jioni ile wakaondoka, Ansbert akisukuma baiskeli, Marsiana nyuma na dumu la pombe ya ndizi kichwani. Mzee Shibuda alikuwa amekaa barazani, mkewe Nimpaye akimkanda shingo kwa maji ya chumvi.

"Shikamoo, mzee," Ansbert alisema, akipiga magoti.

Mzee alichelewa kuitikia. "Marahaba."

"Nimekuja kwa kosa langu. Gari nililigonga mwenyewe..."

"Si yeye." Marsiana alishusha dumu, pombe ikamwagikia miguuni. "Ni mimi, baba. Niligonga matofali. Nikakutaja wewe kwa sababu ulikuwa umepita."

Ansbert aligeuka akamtazama kama mtu asiyemfahamu. Mzee Shibuda alisimama, akaibonyeza tairi ya baiskeli yake kwa dole gumba, kisha akasema:

"Pombe yenu rudini nayo. Mimi sikutukanwa hapa nyumbani. Nilitukanwa gulioni."

Jumatano iliyofuata Marsiana hakuuza chai. Kaka yake alikuwa ametangulia gulioni kwenda kuomba radhi yake, hakumngoja. Yeye aliisukuma baiskeli ya mzee ikiwa na mikungu minne, mzee mwenyewe akitembea kando mikono mitupu, na kila waliposimama alisema: gari niligonga mimi nikitaka nafasi ya kuanika maharage, mzee huyu nilimsingizia.

"Kumbe dereva ni wewe!" mama mmoja muuza dagaa alipaza sauti. "Leseni ulipewa na nani, maharage?"

Watu wakaangua kicheko. Marsiana akayarudia maneno yale, macho kwenye vumbi, sauti ikizidi kuwa ndogo.

"Hao wa nyuma hawajasikia," alisema mzee Shibuda.

Marsiana akainua uso, akaanza upya.