Wanaopenda Mteremko

Saa mbili na nusu asubuhi mkata tiketi alifungua kidirisha chake chini ya mnara, akafuta vumbi kwenye kibao cha KARIBUNI WOTE, akamsogeza mama yake kivulini na kufunga breki za kiti chake cha magurudumu. Kisha akafungua barua kutoka makao makuu. Alikuwa ameisubiri miezi kumi na minne. Ilikuwa na mistari mitatu na mihuri miwili.

"Ombi lako la mteremko limepokelewa," ilisema barua. "Unakumbushwa kuwa ofisi hii haiwavumilii watumishi wanaopenda mteremko. Chapa kazi."

Jamani! Yeye alikuwa ameomba mteremko wa saruji, ule wa kupitishia magurudumu, kwa sababu mnara una ngazi sita nje na hamsini na tano ndani. Angalau zile sita za nje, wangeanzia hapo. Hadi mchoro alichora, kwa rula. Na mtu mzima, mwenye meza na katibu muhtasi, akaliona neno mteremko, akamwona mfanyakazi anayetaka vya bure, akachukua kalamu.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Wamesema nichape kazi."

"Kwani huchapi?"

Baba yake mama alikuwa fundi mwashi. Ndiye aliyezijenga upya ngazi zote sitini na moja, na wiki ya mwisho ya kazi akaanguka kutoka juu akafa, mama akiwa na miaka minne. Jina lake lilichongwa kwenye jiwe ukutani, chumba cha juu kabisa. Mama hakuwahi kuliona. Alipokuwa na miguu, mnara ulikuwa ofisi ya wakubwa na watu kama yeye waliishia getini. Ulipofunguliwa kwa umma, miguu ilikuwa imeshagoma. Sasa macho nayo yalikuwa yanaaga. Daktari alisema yatafika mwisho wa mwaka, tena yakijitahidi. Mama alitaka kupanda ngazi za baba yake na kulisoma jina lake, basi, hakuwa na makuu.

Isidhaniwe kwamba ofisi ilikaa bure. Kulikuwa na mradi mzima wa kuwajali wageni. Kilijengwa choo cha wenye ulemavu, kizuri, chenye vyuma vya kushikilia na ngazi mbili mlangoni. Mafagio ndiyo yanayokaa humo. Kikanunuliwa pia kiti cha magurudumu cha wageni, kikapandishwa chumba cha juu, maana stoo iko huko. Meneja alipiga nacho picha.

Mkata tiketi akaandika upya. Safari hii neno mteremko alilikwepa kabisa, akaandika "njia ya magurudumu". Jibu lilikuja baada ya wiki sita: magari ya wageni yaendelee kuegeshwa nje ya geti. Akaikunja barua ile mara saba mpaka ikagoma kukunjika, akaitia chini ya mguu wa meza inayochezacheza. Angalau meza ilitulia.

Jumanne iliyofuata, saa nne kasoro, jina la baba yake mama lilishuka. Lilijitoa ukutani herufi moja moja, likashuka ngazi taratibu, likishika ukuta, kwa kuwa lilikuwa la mawe na ngazi zilikuwa kali. Herufi ya mwisho ilichechemea. Ilikuwa imemeguka siku mafundi walipopitisha waya wa taa. Wageni walijibana pembeni kulipisha. Lilipofika chini lilipumzika kidogo, kisha likapanda mapajani kwa mama.

"Shikamoo, baba," mama akasema. "Umekawia sana kazini."

Alilisoma akiwa amelisogeza hadi puani, akalifuta vumbi kwa leso. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Saa ya kufunga ilipofika, jina likarudi juu, maana kesho yake kulikuwa na wageni.

Meneja alipata habari, akaja mwenyewe.

"Lina kibali?" akauliza.

"Limeshuka lenyewe, bosi."

"Ndiyo nauliza, lina kibali?"

Hakuna kifaa cha mnara kinachotoka mahali pake bila fomu. Mkata tiketi akajaza fomu, nakala tatu, na kwenye sababu ya kutoka akaandika: kumwona mtoto wake. Meneja akasaini. Ikapangwa iwe kila Jumanne, saa nne hadi saa kumi.

Barua ya makao makuu ilikuja baada ya siku nne tu, haijawahi kutokea. Kwa kuwa vivutio vya juu sasa vinawafuata wageni chini, ilisema, suala la mteremko limefungwa rasmi. Mhusika anapongezwa kwa ubunifu.

"Ubunifu!" mkata tiketi akafoka, mpaka mgeni aliyekuwa dirishani akaangusha miwani. "Wananipongeza, mama!"

"Mimi nilitaka kupanda," mama akasema. "Baba alishazipanda za kutosha."

Mwezi uliofuata alikuja mwanamume mwenye kiti cha magurudumu, peke yake, kutoka mbali. Hakuwa na ndugu ukutani. Alichotaka ni kuutazama mji kupitia dirisha la juu. Alisubiri chini ya kibao cha KARIBUNI WOTE mpaka mchana, na dirisha halikushuka. Mkata tiketi alimpa maji ya kunywa na kumwomba radhi, mgeni akageuza kiti chake akaondoka.

Macho ya mama hayakufika mwisho wa mwaka. Jina liliendelea kuja, naye akawa analisoma kwa vidole, akitua kila mara kwenye herufi ile iliyomeguka. Jumanne moja, saa kumi ilipogonga, alilishusha kutoka mapajani, akatega sikio na kuzihesabu ngazi lilivyokuwa likizipanda, moja moja, hadi sitini na moja.

"Huko juu kuna nini siku hizi?" akauliza.

Mkata tiketi alikuwa anafunga kidirisha.

"Kuna kiti cha magurudumu, mama," akasema. "Kipya. Bado kina nailoni."