Alama Kwenye Nguzo ya Baraza

Mama alitoa sharti moja tu. "Hilo baraza livunje lote ulijenge upya ukitaka, nyumba yenyewe imezeeka. Lakini nguzo ya mlangoni usiiguse."

Mwanawe seremala akaitikia, "Sawa, Mama." Sababu aliijua. Kwenye nguzo ile marehemu baba yao alichonga kwa kisu kimo cha mdogo wake seremala, kitinda mimba, mwezi mmoja kabla homa haijamchukua mtoto huyo. Baadaye Mama alipofuka, picha za mtoto zikawa hazimfai kitu. Kila asubuhi alitoka akipapasa ukuta, akasimama kwenye nguzo na kuweka kidole kwenye alama. Ilimfika chini tu ya ziwa la kushoto. "Umeamkaje, baba?" akamwuliza mwanawe, ndipo siku yake ikaanza.

Basi Mama akaenda kukaa kwa dada yake ili mbao za sakafu zing'olewe. Seremala akaigonga nguzo kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama debe tupu. Akachomeka bisibisi, ikazama hadi mpini, mchwa wakamwagika. Lo! Paa zima lilikuwa limeegemea ganda la rangi.

Ungefanya nini wewe? Umwambie? Angekataa, na mama yule akikataa amekataa. Halafu asubuhi moja paa lingemshukia palepale akimjulia hali mwanawe. Seremala aliogopa, tena aliogopa kweli. Akaamua kunyamaza. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini nani hukumbuka methali akiwa na msumeno mkononi?

Akachonga nguzo mpya ya mti mgumu. Akailaza ya zamani kando yake, kitako kwa kitako, akaihamisha alama kwa kisu kilekile cha baba yao, hata ule mkwaruzo mdogo pale kisu kilipoteleza. Akaipiga msasa iwe laini, kama iliyoshikwashikwa miaka. Kisha, kama mafundi wafanyavyo ili mchwa wasihamie kwenye mbao mpya, akaichoma ya zamani nyuma ya nyumba. Nguzo mpya akaisimamisha juu ya jiwe, isiguse udongo tena. Kazi safi! Alijipongeza kabisa, maskini.

Mama akarudi. Akapanda ngazi, akazikanyaga mbao, akacheka kwamba sasa hazilii. "Mikono yako ina baraka, mwanangu." Akaifikia nguzo. Kidole kikaenda mahali pake, chini ya ziwa. Patupu. Kikashuka, kikapanda, kikaipata alama juu kwenye mtulinga, chini tu ya shingo.

Seremala akalitazama lile jiwe. Alilikata mwenyewe, akaliweka mwenyewe, na katika vipimo vyake vyote akalisahau.

"Amekua," akasema akijaribu mzaha, na papo hapo akatamani ulimi wake ukatike.

"Mwanangu hakufika hapa," Mama akasema. "Hakujaliwa kufika hapa." Hakupaza sauti; angepaza, ingekuwa nafuu. "Nguzo yangu iko wapi?"

"Mama, ililiwa ikaisha. Ingekuua."

"Nimekuuliza iko wapi. Nipeleke nikaishike."

Akamshika mkono, wakazunguka nyuma ya nyumba. Akamwinamisha taratibu, akamwekea kiganja kwenye jivu. Lilikuwa limeshapoa, na Mama akaanza kulipapasa, akitafuta.