Betri Iliyokuwa Ikiisha Kabla ya Isha

Abdulaziz, karani wa ardhi pale Kibaha, alifunga sola na betri nyumbani kwake mtaa wa Picha ya Ndege mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo mkewe Rahma hakupumzika.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Mchana jua lijaze betri, jioni taa, feni, friji na televisheni vitumie betri, na umeme wa luku ukae akiba. Fundi Tito, aliyeifunga, alikuwa amemwambia kwamba kwa nyumba ya watu wawili kama yao betri itafika alfajiri bila wasiwasi. Abdulaziz alilishika neno hilo kama hati ya kiwanja.

Wiki ile ile alipita chumba hadi chumba kutafuta upotevu. Akachomoa chaja zilizoachwa ukutani bila simu. Akabadilisha taa mbili za zamani. Kwenye korido, nje ya bafu, akakuta swichi ya hita ya maji imeshuka chini. Hita hiyo waliikuta walipoinunua nyumba, na kwa kuwa maji yake yalikuwa ya baridi siku zote, waliamini ni mbovu na bomba lake wakaliacha. Kumbe swichi iko chini, yaani imewashwa. Abdulaziz akaipandisha juu, akaenda kwenye kabati la dawa, akarudi na plasta ya kufungia jeraha, akaibandika swichi pale juu isishuke tena.

"Hii imekuwa ikitunyonya miaka miwili," alimwambia Rahma.

"Mbona maji yenyewe ya baridi?"

"Mbovu hula kuliko nzima."

Rahma akamwamini, maana hakuwa fundi. Wala mumewe hakuwa.

Jambo la ajabu ni kwamba betri haikufika alfajiri. Haikufika hata saa tatu. Kila siku, adhana ya Isha ikikaribia, kioo cha inveta kilionyesha asilimia kumi, kisha nyumba ikarudi kwenye luku. Abdulaziz akatunga sheria. Pasi ni saa sita mchana tu. Friji isifunguliwe kwa ajili ya kuwaza. Televisheni ni taarifa ya habari, na tamthilia ya Rahma siku mbili kwa wiki. Betri ikaendelea kuisha kabla ya Isha.

Akamwita Tito, tayari kumwambia kwamba amemuuzia betri mbovu. Tito alikaa mbele ya inveta karibu saa nzima, anaangalia namba.

"Betri ni nzima, bosi. Kuna kitu humu ndani kinakula umeme mkubwa. Kinawaka, kinazima, kinawaka tena. Hita mnayo?"

"Ipo, nimeizima kwa mkono wangu mwenyewe. Nenda kaone, ina plasta."

Tito alikwenda, akaiona plasta, akaridhika. Mtu aliyefika hatua ya kubandika swichi plasta hana haja ya kuulizwa zaidi.

Ilikuwa wiki ya sita ya hali hiyo alipokuja mama yake Rahma, Bi Siwema, kutoka Kisarawe. Magoti yalikuwa yakimsumbua, na daktari wa Kibaha alitaka kumwona mara mbili ndani ya wiki moja. Alikuja na kikapu cha mihogo na korosho, na Abdulaziz akampokea kwa shikamoo ya kuinama, kwa sababu mama mkwe ni mama mkwe. Sheria za umeme hazikutajwa. Hakuna mwanamume wa kwao anayeweza kusimama mbele ya mama mkwe akamwambia friji isifunguliwe kwa ajili ya kuwaza.

Ila betri ilianza kuisha mapema zaidi. Siku ya pili ilifika saa kumi na mbili na nusu. Siku ya tatu hata Magharibi haikuiona. Abdulaziz aliona hesabu imekamilika: kilichoongezeka ndani ya nyumba ni mtu mmoja. Hakujua anatumia nini, lakini anatumia. Jioni hiyo, jua halijazama, wakiwa mezani, akasema huku macho yapo kwenye sahani:

"Rahma, betri imebaki kumi na tano. Wiki iliyopita saa kama hii ilikuwa thelathini na tano. Sijui humu ndani kumeongezeka nini."

Rahma akamtazama. Bi Siwema akamaliza chai yake taratibu, akasema chakula kilikuwa kitamu, akaenda chumbani kwake. Asubuhi, mara tu baada ya kumwona daktari kwa mara ya pili, alifunga kikapu chake. Alisema kunde zake shambani zimeiva, haziwezi kumsubiri. Kwa siku mbili zilizofuata Rahma alimpakulia mumewe chakula, akakiweka mezani, akaondoka bila kuuliza kama chumvi imekolea.

Na betri, bila mgeni, ikaisha kabla ya Isha kama kawaida.

"Mama yuko Kisarawe," Rahma alisema akiwa amesimama mbele ya kioo cha inveta. "Leo nani kala?"

Abdulaziz alikohoa. Bahati yake simu ya Rahma ikaita. Alikuwa mama yake. Rahma akaweka sauti kubwa, labda kwa makusudi, akamuuliza hali ya magoti.

"Yamerudi palepale," alisema Bi Siwema. "Huko kwenu yalitulia. Yale maji ya moto ni dawa, mwanangu. Asubuhi na jioni nilikuwa nayajimwagia hadi nashiba. Unishukurie mumeo."

"Maji ya moto yapi, mama?"

"Ya bafuni. Bomba la kushoto, lile gumu kufungua."

Abdulaziz alikuwa ameshainuka. Rahma alisikia bomba likilia, kisha mumewe akitaja jina la Mungu. Mvuke ukatoka hadi koridoni. Alitoka bafuni akinyonya kidole, akasimama mbele ya swichi, akabandua plasta na kuishusha swichi chini. Kwenye kioo cha inveta namba ya wati zinazotumika ikashuka kutoka elfu moja na mia tano hadi mia moja na ishirini. Akaipandisha. Elfu moja na mia tano. Akaishusha. Mia moja na ishirini. Akaipandisha tena.

"Hata ukiibonyeza hadi Ijumaa, haitabadili mawazo," alisema Rahma.

Kesho yake Tito aliifungua ile swichi, akacheka peke yake, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Aliyeifunga zamani aliigeuza juu chini. Hita haikuwa mbovu hata siku moja. Ilikuwa imezimwa miaka miwili. Aliyeiwasha ni Abdulaziz, na kwa plasta akahakikisha hakuna wa kuizima.

Jumamosi Abdulaziz alichukua pikipiki yake, akapita njia ya Kiluvya hadi Kisarawe, mpaka kijijini Masaki kwa Bi Siwema, siyo Masaki ile ya Dar. Njiani aliandaa maneno matatu tofauti ya kuanzia, na alipofika yote yakamponyoka. Bi Siwema alikuwa uani anapepeta kunde.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kwema? Rahma mzima?"

"Mzima. Mama, nilikudhania vibaya kuhusu umeme."

"Najua. Lile ulilolisema mezani sikulisikia kwa masikio tu, lilinifika moyoni."

Akamweleza yote, swichi na plasta. Bi Siwema alisikiliza ungo ukiwa umetulia mapajani.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwa ukinichemshia maji."

"Ndiyo mama."

"Kwa muda gani?"

"Wiki saba, pamoja na hizi siku ambazo hupo."

Hapo Bi Siwema alicheka mpaka kunde zikamwagika, na Abdulaziz akapiga magoti kuziokota moja moja, jambo lililomsaidia kuficha uso. Akiwa pale chini alimwambia kwamba sasa hita inawashwa saa sita mchana tu, kwa muda wa saa moja basi, wakati betri imejaa na jua bado lipo la kumwaga. Maji yanabaki na joto hadi jioni, na jana betri ilifika alfajiri. Akamwomba arudi kumalizia magoti yake.

"Nitakuja kunde zikiisha," alisema. "Lakini kwa kuwa umekuja, pale juu ya paa nina kipaneli changu cha sola. Taa inafifia siku hizi. Kiangalie."

Abdulaziz alipanda ngazi na ndoo na kitambaa. Paneli ilikuwa imevaa vumbi la barabara na kinyesi cha njiwa, na aliifuta kwa bidii ya mtu anayelipa kitu. Jirani mmoja, Mzee Isihaka, akasimama njiani kutazama.

"Bi Siwema, umepata fundi?"

"Siyo fundi huyo, ni mkwe wangu. Nimemkataza kugusa swichi, anafuta tu."