Watoto wa Ndani

Huko Kimulot, watu wa mashamba ya chai huamka kabla ukungu haujainuka. Kungali giza, akina mama walimfikia Mellen, kila mmoja na mtoto mgongoni amefunikwa gubigubi, wakamwachia na kukimbilia mashambani. Mellen alikuwa ametoka Kisii na mumewe Osoro kuja kuchuma chai. Mgongo ulipokataa kubeba kikapu, akaanza kulea watoto wa wenzake katika chumba chao kwenye laini za nyumba za wafanyakazi.

Mwanzoni watoto walicheza nje. Walijiviringisha kwenye nyasi, wakakanyaga tope, wakarudi kwao kama watu waliotoka kulima. Kisha siku moja, Mellen ameinama kumbadilisha mtoto nepi, mtoto mwingine, Noah, akachomoka mpaka barabarani. Trekta la kubeba majani lilifunga breki likaserereka, likasimama karibu kumgusa. Hakuumia. Lakini jioni mama yake alimfokea Mellen mbele ya laini nzima, na usiku ule ule Osoro akatia komeo juu ya mlango, mahali mkono wa mtoto haufiki.

Tangu hapo mambo yakatulia. Watoto walikaa kwenye mkeka, wakanywa chai kwa mkate, wakatazama katuni kwenye simu, wakalala. Dirisha lilikuwa na pazia zito, maana baridi ya msitu wa Mau haina huruma. Akina mama wakamsifu. "Kwa Mama Gordon mtoto anarudi msafi," waliambiana, wakimwita kwa jina la kifungua mimba wake. Hata mama yake Noah alikuja kuomba radhi.

Janeffer aliletwa komeo likiwa tayari mlangoni, angali mchanga. Alikuwa mtoto mpole. Wenzake walipoanza kujivuta ukutani wasimame, yeye aliketi tu akiwaangalia. Mellen alimpenda kwa utulivu huo. Alidhani ni tabia.

Jumatatu moja Chelangat, mama yake Janeffer, alifika akakataa kuingia. Alikuwa amembana mtoto kifuani.

"Mama Gordon, ulimwangusha mtoto wangu lini?"

"Kumwangusha? Nani amesema?"

"Mama mkwe alimwogesha jana. Angalia." Akaifunua miguu ya mtoto. Ilikuwa imepinda kama upinde, magoti yakikimbiana. "Anasema ilivunjika ikajiunga vibaya. Ukanyamaza."

Majirani walishaanza kuchungulia. Mellen alihisi uso ukimwaka.

"Mungu ni shahidi yangu, huyu mtoto hajawahi kuanguka mikononi mwangu. Twende hospitali leo hii. Wampige picha. Wakipata mfupa uliovunjika, niitie polisi."

Aliwaacha watoto na jirani, wakaenda. Njia nzima Mellen alitembea kichwa juu, kama mtu aliye na haki yake.

Daktari aliyewapokea alikuwa msichana aitwaye Judy. Alimvua mtoto nguo, akamshika vifundo vya mikono vilivyovimba, akapapasa mbavu, kisha akawatuma kwenye eksirei. Picha iliporudi aliiangalia kwa muda.

"Hakuna mahali amevunjika. Hajaangushwa."

"Asante Yesu!" Mellen alisema kwa sauti, akamgeukia Chelangat. "Umesikia?"

Lakini daktari alikuwa hajamaliza. "Ni matege, mifupa yake ni laini. Haikupata nguvu ya kumbeba. Huyu mtoto anaota jua saa ngapi?"

"Mimi nampeleka kukiwa giza," Chelangat akajibu, "na nikimchukua jua limeshazama."

"Na mchana?"

Wote wawili wakamtazama Mellen. Alikuwa na mengi ya kusema: trekta, tope, baridi, matusi ya jioni ile.

"Tunakaa ndani," alisema.

"Kila siku?"

"Niliogopa barabara, daktari."

"Na chakula?"

"Chai. Mkate. Siku zingine uji."

"Mkate namwekea mimi," Chelangat akasema polepole. Hiyo ndiyo mara pekee siku ile alipojiwekea sehemu ya lawama.

Judy hakugomba. Aliandika dawa ya matone, akaeleza habari za maziwa na mayai na dagaa wa omena, jua kwenye ngozi iliyo wazi, na mtoto kuachwa atambae, apande, acheze.

"Miguu itanyooka?" Chelangat akauliza.

"Bado ni mdogo, na wengi hunyooka. Lakini siwezi kukuahidi." Kisha akamgeukia Mellen. "Na wale wengine uliowaacha huko, mama?"

Mellen hakuwa amewafikiria. Alirudi nyumbani akihesabu miguu kichwani, nani anatembea vizuri, nani anapenda kubebwa.

Angeweza kufungua mlango kesho yake na kunyamaza. Jioni ile alisimama mlangoni, na kila mama aliyefika alimwambia: "Mtoto wako nimemfungia ndani muda mrefu. Mpeleke aangaliwe mifupa." Mmoja alicheka. Mwingine alimnyakua mtoto asirudi tena. Baada ya wiki mtoto mwingine akapatikana na ugonjwa ule ule, na mama yake akapita mlangoni kwa Mellen bila salamu.

Alipowatoa nje mara ya kwanza, watoto walifumba macho, mmoja akalia kwa sababu ya mwanga. Osoro alikata fito za mkaratusi azungushe ua, lakini nyapara, Kipkosgei, akasema shamba si lao, hawezi kuruhusu. Basi Mellen akaweka kigoda kati ya watoto na barabara, akawa anakaa hapo, moyo ukimruka kila trekta liliponguruma. Akina mama wengine walihamisha watoto kwa mlezi wa laini ya juu, ambaye mlango wake hufungwa vizuri.

Chelangat alimpeleka Janeffer kwa nyanya yake kule Sigor. Miezi ikapita. Siku moja simu ya Mellen ikalia.

"Anasimama akishika meza," Chelangat alisema bila salamu. "Mguu mmoja umeanza kunyooka. Ule mwingine bado."

"Mungu amsaidie."

"Sijakusamehe, Mama Gordon."

"Najua, mama."



"Nilitaka usikie kwangu, si kwa watu," Chelangat akasema, akakata simu.