Mwenzake Polepole

"Wawili wawili!" mkufunzi alisema, akapuliza filimbi, na ukumbi wa mazoezi ukajaa vishindo vya raba. Lilikuwa somo la kwanza la vitendo katika muhula, na madirisha ya juu yalikuwa yamefunguliwa ili harufu ya mikeka ipungue. Wanafunzi waliokuja kusomea ualimu wa michezo walishikana mikono, wakavutana, wakacheka. Kufumba na kufumbua kila mtu alikuwa na mwenzake, isipokuwa msichana mmoja aliyesimama karibu na ukuta, gongo kwapani.

Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni. Darasa lilikuwa limeshampa jina la Polepole, bila ubaya wowote, kama mtu anavyopewa kiti kilichobaki. Aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Kwa hilo alikuwa fundi. Shule ya msingi na ya sekondari alizimaliza hivyohivyo, akifunga kamba.

Konani, kwenye stendi ya chuma, kilining'inia kiunzi cha mifupa cha kufundishia. Kilikuwa cha mtu halisi, kilikuwapo chuoni kabla ya walimu wote, na watu walikiita Mjomba. Mjomba aliinua mikono, akajinasua kwenye ndoano ya utosini, akashuka. Aliuvuka ukumbi taratibu mpaka kwa Polepole, akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa.

"Haya, wote mmepata," mkufunzi alisema. "Mjomba, nyanyua miguu, usinikwaruzie sakafu. Leo tunapima mapigo ya moyo."

Polepole alimshika Mjomba kifundo cha mkono, akasubiri. Hola. Kisha Mjomba akamshika yeye. Vidole vilikuwa baridi na vyepesi kama chaki, lakini vilishika sawasawa, bila haraka, na Polepole akajikuta anaomba filimbi ichelewe. Tangu afike pale hakuna aliyekuwa amemgusa, ukiacha muuguzi aliyempima uzito siku ya kuandikishwa.

Alipewa nusu ya alama, kwa kuwa mwenzake hakuwa na mapigo.

Muhula ukasonga. Kila somo la vitendo Mjomba alishuka, na kila somo lilipokwisha alirudi kujitundika. Mpira aliudaka vizuri, ingawa mara mojamoja ulipenya mbavuni na ikabidi wautoe kwa kusaidiana. Darasa lilizoea. Mfanya usafi alilalamika tu kwamba siku hizi stendi haikai mahali pake.

Jioni moja mama yake Polepole alipiga simu.

"Umepata marafiki, mwanangu?"

"Nimempata mmoja, mama."

"Afadhali. Mtu wa namna gani?"

"Mkimya. Halafu mwembamba sana."

"Mwambie ale, masomo yasije yakammaliza."

"Nitamwambia."

Alipokata simu alikaa kitandani akisikiliza bweni. Mtu aliazima pasi chumba cha tatu. Mwingine alipita akigonga milango, akiwaita wenzake uwanjani. Mlango wa Polepole haukugongwa, kwa sababu kila mtu alijua kwamba amechoka.

Siku ya pili yake alijikaza, akamwendea msichana mmoja mrefu, nahodha wa mpira wa wavu, aliyekuwa akimsalimu kila asubuhi.

"Samahani, dada. Leo tunaweza kubadilishana wenzetu?"

Nahodha alimtazama kwa upole. "Jamani, Polepole! Wewe si una wako? Mnapendezana mno, tusije tukawatenganisha." Akampigapiga begani, akakimbilia mkekani.

Ikawa hivyo. Zamani hawakumchukua kwa kuwa alikuwa mzito wa mwendo. Sasa hawakumchukua kwa kuwa alishachukuliwa.

Ndipo ikaja siku ya kupima mifupa ya miguu. Mfupa wa paja la kushoto la Mjomba uliishia mapema kwenye utepe wa Polepole. Akapima upya. Mjomba alikuwa na mguu mfupi, na kumbe ndiyo maana walipotembea pamoja hakuna aliyelazimika kumsubiri mwenzake. Akatazama nyonga, akaiona pana, ya kike, kama walivyofundishwa.

"Kumbe Shangazi," alinong'ona.

Fuvu likainama mara moja, likainuka.

Alimwita mkufunzi. Mkufunzi hakuwa mtu mbaya. Alipiga magoti, akapima mwenyewe. Nyuma yake palikuwa na bango kubwa, picha iliyochorwa kutokana na mifupa hiyohiyo, miguu imenyooshwa ikalingana, na juu yake maneno MWILI WA KAWAIDA.

"Kweli kabisa," alisema. "Ni mwanamke, tena alikuwa anachechemea."

"Kwa hiyo bango litatolewa?"

"Likitolewa nifundishie nini?" Alijipangusa magoti. "Halafu mtihani umeshatungwa."

Mtihani ulipokuja uliuliza kuhusu urefu wa miguu. Polepole aliandika alichokipima, na hapo akakatwa alama. Alifaulu hata hivyo. Darasa liliendelea kusema Mjomba. Yeye peke yake alisema Shangazi, tena kwa sauti ya chini, asije akaonekana mjuaji.

Siku ya kumaliza masomo mkuu wa chuo alikuja ukumbini na suti yake nzuri. Alimpa mkono Polepole, kisha akampa Shangazi.

"Hapa kwetu hakuna anayekaa peke yake," alisema kwa furaha. "Nimeshaagiza viunzi vingine viwili."

"Vya nini, Mkuu?"

"Mwakani tunapokea wawili kama wewe."

Polepole alitaka kusema neno, lakini mkuu alikuwa ameshageuka kumpongeza nahodha. Nje, darasa lilikuwa limejipanga kwenye ngazi kwa ajili ya picha.

"Polepole, njoo! Njoo na Mjomba!"

Waliitwa kwa moyo mweupe. Wakaenda, wakichechemea sambamba, wakasimama mwisho wa mstari. Mpiga picha aliwaomba wote wasogeleane. Darasa likasogeleana, bega kwa bega, na kati yao na Polepole pakabaki nafasi ya mtu mmoja.