Mkaki Dume wa Sumie

Sumie aliyapapasa maua kwa ncha za vidole kabla hajamwita mtu. Matatu hapa, matatu pale, yamebanana kwenye kikonyo kimoja, madogo kama punje za mchele. Ua jike la mkaki, mti wa matunda mekundu ya kaki, hukaa peke yake, limevaa vijani vinne vipana shingoni kama kola. Hapa hapakuwa na kola. Akapapasa tawi la pili, la tatu, akarudi la kwanza, labda alikosea kuhesabu.

"Wifi! Hebu njoo mara moja."

Toyoko, dada wa marehemu mume wake, aliishi ng'ambo ya kichochoro. Alikuja na ndara zake, mswaki bado mdomoni, akauinamia ule mti mfupi uliokaa kwenye chungu bapa cha udongo.

"Dume," akasema, povu likimtoka. "Dume tupu, wifi yangu. Pole."

Aliyewahi kupanda mpapai, akaupalilia na kuumwagilia, halafu siku moja akaona maua yananing'inia kwa nyuzi ndefu, anajua jinsi moyo wa Sumie ulivyoshuka. Lakini mpapai dume unaukata baada ya miezi kadhaa. Huu Sumie alikuwa ameulea miaka minane.

Aliununua kwenye kitalu cha Mzee Hatta, hapo hapo mtaani kwao Angyo, kule mwisho karibu na bomba, ambako miche isiyotakiwa hupangwa kwenye makopo meusi ya plastiki. Bei yake ilikuwa sawa na bakuli la tambi. Hatta alimwonya: "Mama, huu umeota kwa mbegu. Jike au dume, hata mimi sijui. Chukua ule uliobebeshwa tawi la mti jike, ule nina uhakika nao." Sumie hakutaka kusikia. Alikuwa ameipenda mizizi yake, jinsi ilivyotoka minene pande zote na kuushika udongo kama miguu ya mtu aliyekaa kitako hataki kuondoka. Angyo nzima inajua kwamba mikaki ya mbegu mingi hutoka dume. Sumie naye alijua. Alijiambia tu kwamba wake hautakuwa hivyo.

Mwaka wa kwanza aliukata shina, akaacha urefu wa kiganja, ili ukue kibete chunguni. Kila Machi aliung'oa chunguni, akapunguza mizizi, akaurudisha. Alizungushia matawi waya, akazifungua kabla hazijauma gome. Donda la ule mkato lilichukua miaka mitano kufunga, na shina likanenepa, likapinda, mpaka mtu akiutazama kutoka mbali kidogo angedhani ni mti wa miaka mia uliosimama kwenye kilima. Toyoko akipita alikuwa akiuliza, "Bado unakilea hicho kijiti?"

Yote hayo Sumie angeyavumilia, maana subira alizaliwa nayo. Tatizo lilikuwa macho. Ukungu ulimwanzia katikati ya kila jicho, ukawa unapanuka. Alichomwa sindano humo humo machoni, hazikusaidia. Mwezi wa Februari daktari alimwambia, kama kuna kitu anapenda kukitazama, asingoje mwaka mwingine. Sumie alikuwa na kitu kimoja tu. Alitaka kuona tunda la mti wake mwenyewe, jekundu, limening'inia. Moja lilimtosha.

Na sasa mti ulikuwa dume.

Aliingia ndani, akatoka na msumeno mdogo. Toyoko akamdaka mkono.

"Unafanya nini wewe?"

"Niache."

"Sikuachi. Miaka minane nimekucheka kwa ajili ya huu mti, leo uukate, mimi nitacheka nini?"

"Nitakuwa kipofu, Toyoko! Kipofu! Nimebakiwa na vuli moja, unasikia? Moja!"

Ndipo Toyoko akautoa mswaki mdomoni. Yeye alikuwa na mkaki jike, uliobebeshwa, mzuri wa kuonyeshwa watu, lakini kila Julai vitunda vyake vilipukutika vikiwa vidogo kama mbaazi, kwa kukosa dume jirani.

"Wangu hana mume, wako hana mke," akasema. "Tuwaozeshe basi. Mahari tutasameheana."

Mzee Hatta alipoitwa alikuwa na wazo zaidi ya hilo. Alishauri vyungu viwili vikae ubavu kwa ubavu, tawi moja la jike, lenye maua yake, likwanguliwe gome, na shina la dume likwanguliwe vivyo hivyo, kisha vidonda vigusane na kufungwa kwa nguvu. Tawi lingeendelea kunyonya kwa mama yake mpaka lishikane na shina jipya.

"Halafu unalikata upande wa mama," alisema. "Ila si mwaka huu. Mwakani, likishashika sawasawa."

Mwakani. Sumie aliitikia kwa kichwa tu kama mtu aliyeelewa.

Kiangazi kizima vyungu vile vilikaa kwenye benchi moja, vimefungwa kama mateka. Sumie alimwagilia alfajiri, mchana na jioni. Mti wa Toyoko ukashika matunda kama thelathini, na lile tawi lililofungwa likabeba manne. Wakati huo huo ukungu ulikuwa ukila. Julai hakuweza tena kusoma kalenda. Agosti alimimina mchuzi nje ya bakuli. Septemba alimwamkia mtu wa posta akidhani ni Hatta.

Oktoba Toyoko alisimama mbele ya benchi, mikono kiunoni. Maonyesho ya chama chao cha walezi wa miti ya vyunguni yalikuwa Novemba, na hakuwahi kuwa na mti uliozaa hivi.

"Nimeamua sipeleki," akasema. "Vikae hivyo hivyo. Utayaona yakiiva hapo hapo yalipo."

"Hayo ni ya mti wako."

"Yako kwenye shina lako!"

"Yananyonya kwako. Mimi nimekaa miaka minane ili niangalie mtoto wa kuazima?"

"Wifi, ukilikata sasa litakufa. Hatta kasema."

"Na mimi nikingoja sitaona. Nani kasema kinyume?"

Sumie alilifuata tawi kwa kidole hadi kwenye mshono, akapita upande wa pili, akauweka mkasi. Kisha akabana. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama kuvunja kijiti cha kulia chakula.

Baada ya hapo ikawa ni kungoja kubaya. Majani hayakuweza kumwambia kitu, maana msimu huo majani ya kila mkaki hudondoka, uliopona na unaokufa. Yalibaki matunda tu. Kila asubuhi aliyabonyeza kwa kidole gumba. La kwanza lilinywea siku ya nne. La pili likaanguka usiku, akalikuta benchini limekunjamana kama sikio la mzee. La tatu lilimng'okea mkononi alipoligusa, akakaa nalo chini, kwenye udongo wenye maji, asiinuke hata Toyoko alipomvuta kwapani.

La nne likabaki gumu. Wiki ya kwanza gumu. Ya pili gumu. Ya tatu Toyoko alivuka kichochoro, akapiga kelele.

"Limeiva! Wifi, limeshika! Jekundu, njoo!"

Sumie alikuja akijigonga kwenye mlango. Akakaa. Akakisogeza chungu penye jua. Akavaa miwani, akaivua, akachukua kioo cha kukuzia, akasogeza uso hata kikonyo kikamchoma pua. Akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto.

"Liko wapi?"

"Mbele ya pua yako."

Ukungu ulikuwa umekwisha kula hadi pembeni. Aliona weupe kama maji ya kuoshea mchele, basi.

"Niambie lilivyo."

"Jekundu."

"Jekundu namna gani?"

"Jekundu la kaki, basi! Mimi nijue kusema maneno?" Toyoko akainama hadi usawa wa tunda. "Kama shavu la mtoto aliyetoka kwenye theluji. Linang'aa. Chini lina ncha."

Sumie alisikiliza hadi mwisho. Akanyoosha mkono, akalipata. Lilikuwa la baridi na laini, si kubwa kuliko ncha ya kidole chake gumba. Akalisokota, likang'oka. Akalitia mdomoni.

"Wee! Umechanganyikiwa? Hayaliwi hayo! Ndilo pekee, wifi!"

Alikuwa ameshalitafuna. Ukakasi ukamshika ulimi, ukamshika mashavu, ukapanda hadi kwenye fizi, mdomo mzima ukajikunja kama umejazwa pamba. Machozi yakamtoka.

"Tema! Tema hapa, nimekinga mkono!"

Sumie akatikisa kichwa, midomo ameifumba, akameza.